Kuku wa Shangazi Eduvigis

Shangazi yangu Eduvigis alilea watoto watatu kwa chipa, ule mkate wetu wa wanga wa muhogo na jibini. Aliuoka kwenye tanuri la udongo nyuma ya nyumba, akauuza kwenye kituo cha mabasi cha mji wetu, Caacupé, kikapu kichwani. Hakuwahi kumpunja mtu. Kasoro yake ilikuwa ulimi.

Mwaka ule, wiki mbili kabla ya Pasaka, kuku wake watatu waliacha kutaga. Kila asubuhi anainama kwenye kiota, hamna kitu, na Wiki Kuu nchi nzima inataka chipa, na chipa inataka mayai. Jirani yake, ng'ambo ya ua wa miti, alikuwa Celso Ovelar, seremala mpole wa miaka sitini na kitu, ambaye ujanani alifungwa miaka miwili kwa kuiba ndama. Hakuna aliyelitaja jambo hilo, na hakuna aliyelisahau.

Siku moja tulikuwa dukani kwa Obdulia, watu kama saba. Celso alikuwa amesimama kwenye kaunta, ananunua misumari. Shangazi akasema bila kumtazama:

"Obdulia, niuzie mayai. Ya kwangu siku hizi yanaruka ua yenyewe."

"Yanarukaje, Eduvigis?"

"Muulize fundi wa kazi hiyo. Aliyebeba ndama atashindwa na yai?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, sitaki kulificha. Celso aliiacha misumari yake palepale, akasema, "Haya, mbaki salama," akatoka.

Siku mbili baadaye Shangazi aliniita uani. Kuku wake mkubwa wa madoadoa alikuwa amejikunyata pembeni, mkia chini, mdomo wazi, anajikamua na hakitoki kitu. Shangazi alidhani ni mdondo. Kisu alikuwa nacho tayari mkononi, asije akaambukiza wenzake.

"Usimchinje," ilisema sauti kutoka ng'ambo. Alikuwa Celso. "Huyo yai limemkwama."

Shangazi alishusha kisu.

"Nifungulie geti nije nimtazame," Celso akasema. "Mimi ua siruki."

Nilikwenda kumfungulia mimi, maana Shangazi alikuwa amesimama kama aliyepigiliwa chini.

Celso aliomba beseni la maji ya vuguvugu, akamkalisha kuku ndani yake hadi tumboni, akamshikilia hivyo karibu nusu saa, akimsemesha taratibu. Kisha akapaka kidole mafuta ya kupikia na kulainisha njia pole pole. "Ukilikandamiza likapasukia ndani, amekufa," alituambia. Tulimfuta, tukamweka ndani ya boksi lenye majani makavu, tukamfunika kitambaa. Tukangoja. Shangazi alimletea Celso kiti, naye hakukikalia.

Yai lilipotoka lilikuwa halina ganda la maana, laini kama ngozi.

"Anakosa chokaa," Celso alisema. "Msagie maganda ya mayai, umchanganyie kwenye mahindi."

"Na hawa wawili?" Shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Watazame shingo. Wananyonyoka manyoya. Siku zikianza kufupika, kama majira haya, wanapumzika kutaga. Wangu nao hivyo hivyo."

Manyoya hayo Shangazi alikuwa akiyafagia kila asubuhi.

Aliingia upesi kwenye banda, akarudi na jogoo mchanga. "Mchukue, Celso. Tafadhali."

"Nikitoka hapa na kuku wako kwapani, Eduvigis, watu watasema nini?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Alinawa mikono, akaenda zake.

Shangazi alikaa kando ya tanuri baridi mpaka unga aliokuwa ameukanda ukaharibika. Nikamwambia aende kwa Celso akamwombe radhi.

"Nilimvua nguo mbele ya watu," alisema. "Nikamvishe kwa kunong'ona uani?"

Alhamisi Kuu, duka likiwa limejaa, aliingia na kusimama katikati. "Mayai yangu hayakuibwa na mtu. Nilimsingizia Celso. Na lile la ndama sikuwa na haki ya kulitamka."

Hakuna aliyecheka. Obdulia aliendelea kupima unga.

"Kwani mayai yenyewe yalikwenda wapi?" akauliza mmoja.

"Hayakuwepo," Shangazi akajibu, akatoka bila kununua alichokuja kununua.

Habari zilimfikia Celso. Aliendelea kumsalimu Shangazi kama zamani, ila dukani kwa Obdulia hakukanyaga tena. Alikuwa akitembea hadi duka la barabara kuu, saa nzima kwenda na kurudi. Akipita mbele ya nyumba, Shangazi hujikuta na kazi ya kufanya ndani.

Kuku alipona. Na mimi nikikutana na Celso njiani, humsalimu kwa sauti kubwa kupita kiasi, naye hunijibu kwa sauti ya kawaida.