Bendera Ndani ya Blanketi

Bendera ile niliishusha mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kuanzia katikati, pale ambapo naonekana mtu wa kuhurumiwa. Safari hii nataka kianze mahali pake.

Ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia, 2010. Nilifanya usafi na kupika chai katika klabu ya uwanja mmoja wa michezo kusini mwa Johannesburg, si mbali na Rosettenville. Ardhi ilikuwa mali ya serikali ya jimbo. Klabu ilikuwa ya wazee wa Kizungu waliocheza raga pale ujanani, na katikati ya wiki uwanja ulitumiwa na wanafunzi wa vyuo. Ukumbini, juu ya kaunta ya vinywaji, ilining'inia bendera ya zamani ya nchi, ile ya enzi za ubaguzi: rangi ya chungwa juu, nyeupe katikati, buluu chini, na vibendera vitatu vidogo katikati ya ile nyeupe. Niliipangusa vumbi kila Jumatatu kwa miaka miwili. Nilijua ni bendera ya nini. Ila nilijua kama unavyojua ugomvi wa familia ya jirani: unasikia, unasikitika, unaendelea kumenya viazi vyako.

Kisha shirikisho la michezo ya vyuo likaanza kuandika barua. Ya kwanza iliomba kwa adabu kwamba alama za utawala wa zamani ziondolewe katika viwanja vyote vinavyochezewa na wanafunzi. Meneja aliisoma kwa sauti pale kaunta, wazee wakacheka, mmoja akaweka glasi yake juu ya barua. Ya pili iliweka tarehe. Ya tatu haikuja kwetu kabisa. Ilikwenda kwa serikali ya jimbo, na ilisema kwamba fainali za vyuo hazitachezwa katika jimbo hili, si kwetu wala uwanja mwingine wowote, mpaka alama zile ziondoke.

Hapo simu zikaanza kulia. Miaka kumi na sita serikali ile ilikuwa ikituma watu wake kukagua mabomba ya maji, wanakunywa chai chini ya bendera, wanaaga, wanaondoka. Sasa wakaja wanaume watatu wenye suti, jasho linawatoka na huku ni kipupwe. Niliwaandalia chai nikawasikiliza. Hakuna hata mmoja aliyewataja waliokufa chini ya bendera ile. Walichotaja ni fainali, na aibu ya kunyang'anywa fainali mwaka ambao dunia nzima inatutazama. Nilicheka kimoyomoyo. Mimi niliyetoka Buyenzi, Bujumbura, nimeona serikali zikiogopa mambo mengi, lakini kuogopa kukosa mechi lilikuwa jipya kwangu.

Amri ikawa bendera ishuke kabla ya Ijumaa. Mtunza nyasi, mwenyeji wa Soweto, aliambiwa alete ngazi. Alileta ngazi, akaiegemeza ukutani, akasema hataigusa hata akipewa glavu, akaondoka zake. Wazee wa klabu nao hawakutaka; mmoja alikuwa amekaa pembeni analia waziwazi. Meneja akazungusha macho ukumbini mpaka yakaniangukia mimi na ndoo yangu.

"Wewe si wa hapa," alisema. "Kwako hii si kitu."

Mpishi wetu, Mkongomani wa Bukavu, alitoa kichwa dirishani mwa jikoni. "Mama, ile kitu usiguse," aliniambia. "Benyewe wanaikimbia, weye unaenda kuigusa juu ya nini?"

"Papa, ni kitambaa," nilimjibu. "Mtu atakufa kwa kitambaa?"

Nilisema hivyo. Mimi. Nikapanda ngazi.

Nilipoikunja nilishangaa uzito wake. Ilikuwa sufu, ya zamani, ya kazi nzuri, pindo zimeshonwa mara mbili. Meneja alikuwa amenipa mgongo. "Itupe, ichome, fanya utakavyo," alisema, "mimi nisiione tena." Ukutani palibaki mraba mweupe usiofifia. Walipaka rangi mara ya kwanza, wakapaka mara ya pili, na bado jua la asubuhi likipiga kwa upande, mraba ulikuwa unajitokeza. Fainali zilichezwa pale, vijana wakaimba, nikakata machungwa ya mapumziko. Nilikuwa nikipita chini ya ukuta ule kwa haraka, nimeinamisha kichwa, kama kwamba kitu bado kinaning'inia.

Bendera sikuitupa. Nilikuwa na binti wa miaka miwili na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi kila Juni. Tuliishi Bellevue, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba, chumba chetu kikiwa na dirisha lenye ufa niliouziba kwa gazeti. Ijumaa baada ya sala kule Mayfair nilinunua kitambaa cha maua kwa Msomali, nikakifanya foronya, nikaingiza bendera ndani, nikashona kwa mkono pande zote nne. Likatoka blanketi zito, zuri. Nilijisifu, nisiseme uongo. Mtoto alilala usiku wa kwanza bila kukohoa.

Sasa nimtaje gogo. Gogo ndivyo wanavyomwita bibi hapa, na huyu alikaa chumba cha kuvuka ua, peke yake. Mei ya 2008, wenyeji walipokuwa wakiwasaka wageni mitaani, wanaume wenye fimbo waliingia uani kwetu Jumapili mchana. Mmoja alinishika mkono, akagusa kiwiko changu, akaniuliza kinaitwaje kwa Kizulu. Sikujua. Nilikuwa nimembeba mtoto wa miezi mitatu mgongoni na nilihisi mkojo ukinishuka miguuni. Gogo alitoka na mikono yenye unga. Akasema, "Huyu ni binti yangu. Huyo mgongoni ni mjukuu wangu. Anayemtaka aanze na mimi." Waliondoka. Tangu siku ile hakuniita kitu kingine. Binti yangu njoo ule, binti yangu umechelewa, binti yangu nywele hizo ni aibu. Nilimtukania vibaya mapishi yake, naye alinitukania Kizulu changu, tukaelewana hivyohivyo, kwa Kizulu changu kibovu na Kiingereza chake. Mama yangu alikuwa ameshakufa. Katika Johannesburg yote nilikuwa na mtu mmoja tu wa kuniita mwana, na mtu huyo ndiye aliyekaa na mtoto wangu nilipokwenda kazini.

Kwa hiyo, Juni yote na Julai yote, kila adhuhuri, gogo alimlaza binti yangu na kumfunika blanketi lile. Aliniambia mara moja, "Umefanya vizuri, lina uzito." Alilipiga kofi mgongoni kama anampongeza mtu. Mkono ule nauona mpaka leo. Nikifunga macho nauona ukilainisha maua, na chini ya maua naona ile rangi ya chungwa.

Agosti mtoto alikojoa. Gogo, ambaye hawezi kuacha kitu kichafu kingoje mwenyewe, akaliweka blanketi kwenye beseni uani. Maji yakageuka rangi ya chungwa. Akadhani ni maua yanatoa rangi. Lakini maua yalikuwa mekundu. Akachukua mkasi, akafungua mshono aone ni nini kinachovuja ndani.

Nilirudi saa kumi jioni, jua bado kali, vumbi la Agosti linapeperuka. Foronya ya maua ilikuwa kwenye kamba, safi. Gogo alikuwa ameketi kwenye kreti mlangoni kwake, mtoto anacheza kati ya magoti yake. Bendera ilikuwa bado ndani ya beseni, imezama, na juu yake ameweka tofali.

"Kwanza kitoe hapa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini.

Niliitoa. Ilikuwa nzito maradufu kwa maji. Sikuwa na mfuko mkubwa wa kutosha, nikaifunga katika khanga yangu, nikaikumbatia, nikatoka nayo barabarani kutafuta pipa. Maji ya chungwa yalinichuruzikia kwenye sketi. Kwenye robot, zile taa za barabarani, nilisimama na watu wengine kungoja taa ibadilike, na kila aliyenitazama nilidhani ameshajua. Wanaume wawili walikuwa wamekaa nje ya spaza, kiduka cha mtaani. Mmoja akauliza, kwa utani tu, "Mama, umebeba nini humo?"

Nikaongeza mwendo. Si kwa sababu yake. Ni kwa sababu nilikuwa nimelisikia swali lile kabla sijafika mjini hapa, nimelisikia kwa masikio ya baba yangu.

Nieleze. Nilipokuwa na miaka kumi, mwaka wa uchaguzi kule kwetu, vyama vilikuwa vinagawa vitambaa bure, vyenye rangi na nembo. Mama alichukua, alichukua kila walichogawa, maana kitambaa kizuri hakitupwi. Miezi ikapita, uchaguzi ukaharibika, mauaji yakaanza, barabara zikawekwa vizuizi. Asubuhi moja baba alikuwa anakwenda kazini. Mama alimfungia wali na dagaa katika kimojawapo cha vile vitambaa, nembo kwa ndani. Kwenye kizuizi vijana wakamuuliza umebeba nini. Baba hakuwa mtu wa chama chochote. Hata kupiga kura hakupiga. Aliyetuletea habari alisema walikifungua kifurushi chake kwa utulivu kabisa, wakauweka wali pembeni, wakakikunjua kitambaa. Mama aliishi miaka kumi na miwili baada ya hapo. Kila siku ya miaka hiyo nilimsikia anasema peke yake jikoni, "Kilikuwa kitambaa tu."

Niliitupa bendera katika pipa nyuma ya duka la nyama, nikaifunika kwa maboksi. Nikarudi na mikono ya rangi ya chungwa.

Gogo alinionyesha nikae chini mbele yake. Mtoto alikuwa amesinzia kifuani pake.

"Gogo, sikujua," nilisema. Ndiyo maneno ya kwanza yaliyonitoka, na yalikuwa ya uongo.

Aliniambia kuhusu mwanawe. Nilijua alikuwa na mtoto wa kiume aliyekufa. Sikujua vipi, wala sikuwahi kuuliza. Polisi wa enzi zile walimpiga risasi akitoka shule, akiwa na miaka kumi na saba. Gogo alikwenda kituoni kuomba maiti. Alikwenda siku tisa. Kila siku polisi aliyekaa mezani hakumtazama usoni, kwa hiyo naye akawa hana pa kutazama ila nyuma ya polisi, na nyuma ya polisi ilisimama bendera ile. "Siku tisa nilitazama vile vibendera vidogo," alisema. "Ningeweza kuvishona gizani. Leo nilipofungua mshono, vilikuwa vinanitazama vyenyewe. Na mimi nimekuwa nikimfunika nacho mtoto. Kwa mikono hii."

Alinionyesha mikono. Ilikuwa na rangi kama yangu.

Nililia. Nililia kwa kelele, na nilitaka jambo moja tu, anijue, aone kwamba mimi si mtu wa kumcheka, kwamba mimi na yeye tumeumwa na nyoka mmoja. Kwa hiyo nikamsimulia habari za baba. Nilimwambia yote, uchaguzi, vitambaa, mama, wali uliowekwa pembeni, maneno ya jikoni. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu katika mji huu. Niliona macho yake yakibadilika nilipokuwa nasema, na, Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi. Nilidhani ameanza kunisamehe.

Nilipomaliza alikuwa anamtikisa mtoto taratibu.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Gogo—"

"Mwingine yeyote ningesema hajui. Watu wa hapa waliozaliwa juzi hawajui. Wewe ulijua kitambaa ni nini. Ulijua kuliko mimi."

Neno la kumjibu nimelitafuta mpaka leo kwenye sala na kwenye usingizi, na kila nikilikaribia namkuta mama jikoni amenipa mgongo, na kando yake gogo amempakata mtoto, wote wawili wananisubiri niseme kilikuwa nini kama hakikuwa kitambaa tu.

Gogo aliinuka, akaniwekea mtoto mikononi kwa uangalifu asiamke. "Mtoto hana kosa," alisema. "Mlete kesho kama kawaida."

Nilimleta. Aliendelea kumlea binti yangu miaka mingine minne, mpaka alipohamishwa na jamaa zake mwaka 2014, na alimlea vizuri, akamfundisha Kizulu safi, akapiga magoti kumwombea alipougua. Alimnunulia blanketi jipya. Asubuhi nikigonga mlango alifungua, akampokea mtoto, akaniitikia salamu. Mimi hakuniita tena kwa jina lolote.