Liwa Kwenye Maungio ya Kioo

Mjukuu wangu wa kike ni daktari wa meno, na sioni haya kulisema hilo mbele ya mtu yeyote, maana miye nimesoma chuo cha Kurani tu, juzuu chache, na kalamu nimeishika ukubwani. Mwezi uliopita alinunua tangi la samaki, la kioo kitupu, la kuweka pale wagonjwa wake wanapongojea. Akataka kulijaza maji siku ileile. Nikamwambia, hebu toka hapo. Nikapitisha kucha kwenye kila ungio. Nikainama, nikaweka jicho usawa wa kioo, nikatafuta mapovu ndani ya silikoni. Halafu nikaomba unga wa liwa, ule msandali tunaojipaka usoni. Wauguzi wakaangua kicheko.

"Bibi anataka kulipaka tangi uso!"

Wacheke. Niliyajua hayo Magoudjou, kule Moroni, na niliyajua kwa aibu.

Mume wangu alikuwa karani wa ofisi ya barabara Mutsamudu, kisiwani kwetu. Wafaransa walipofungasha, mkubwa wake alimwachia kikasha chenye almasi ya kukatia vioo na mirija mitatu ya silikoni, kwa kuwa alimwona anapenda kusimama kuwatazama mafundi wa madirisha badala ya kukaa na mafaili yake. Uhuru tuliupigia ngoma. Baadaye wakaja vijana wa mapinduzi na kamati zao, wakasema makarani ndio wanaoila nchi. Ofisi zikafungwa, makaratasi yakachomwa, na makarani wakaambiwa warudi makwao wakalime. Mume wangu alirudi na ufunguo wa ofisi mfukoni. Aliendelea kuubeba miezi mingi, sijui wa kufungulia nini.

Na kwetu nyumba ni ya mke. Ile ya Mutsamudu nilipewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake. Mwanamume huingia kama mkwe, na asubuhi hutoka. Huyu wangu alikuwa hatoki. Anakwenda dirishani, anarudi mlangoni, anakaa, anasimama, anauliza saa ngapi, anauliza tena. Ukifagia, yuko mbele ya ufagio. Mwisho akaanza kuitaja Mayotte, kule Wafaransa walikobaki.

"Kule bado wanaandika watu kazi," anasema.

"Na wanaokwenda mbona hawarudi?"

Anarudi dirishani. Nilikuwa na watoto watatu na sikutaka kuwa mke wa mtu wa ng'ambo.

Ndipo mama yangu mdogo, aliyekuwa akikaa Moroni, akaleta habari. Mtu mmoja mwenye nyumba ya wageni Itsandra alitaka tangi la kioo ukumbini, aweke samaki wa mwambani, wale wa rangi. Na alitaka mtu wa kulitunza tangi, pamoja na madirisha na mashine ya umeme. Alisema hivi: atakayelitengeneza, nikalijaza, nikapitisha kitambaa chini yake kikatoka kikavu, huyo ndiye nitakayemwajiri.

"Twende," mume wangu akasema. "Likivuja, mimi napanda chombo cha Mayotte kutoka hukohuko. Usinililie."

Tulipata kioo kinene cha meza, akakikata vipande vitano nyumbani kwangu. Tukavizungushia godoro langu la sufi, tukawaacha watoto kwa ndugu, tukapanda meli. Nilitapika tangu Mutsamudu hadi Moroni, mkono mmoja mdomoni na mwingine kwenye godoro.

Mama mdogo alikaa Magoudjou, nyumba ya bati yenye birika la maji ya mvua uani. Yeye na mama yangu waliishi Unguja miaka mingi, na miye nilizaliwa kulekule, kwa hiyo ndani kwake tulisema Kiswahili. Majirani wakitusikia walijua wale wa Unguja wameanza kugombana tena. Aliponiona tu akasema, "Nimetaka kioo, wewe umeniletea mbuzi aliyezama. Kaa hapo ujitengeneze, utanitia aibu mtaani."

Nikajipaka mafuta ya nazi kichwani, nikaanza kusuka. Sijafika nusu, mume wangu akapiga kelele uani.

"Mama watoto! Njoo ushike, inaganda hii!"

Nikakimbia na nywele nusu kichwa. Nikajifuta mikono kwenye shiromani, ile nguo niliyojitanda, nikashika. Yeye anakamua silikoni kwenye ukingo, miye nasimamisha kioo, yeye anakaza kamba. Ua mzima ulinuka siki. Mama mdogo akauliza kama tunatengeneza tangi au achari.

"Siku tatu," mume wangu akasema. "Lisiguswe."

Siku tatu hizo sikukaa. Nilikuwa nachambua mchele nikiwa nimesimama. Kila nikipita nainama, natazama ungio moja, naondoka, nahisi sikulitazama vizuri, narudi. Mume wangu naye anazunguka upande wa pili. Tulikuwa tukikutana kwenye kona kama walinzi.

"Hebu niacheni nipumue!" mama mdogo akasema. "Mmenitia kizunguzungu ndani ya nyumba yangu."

Siku ya nne tukaliweka juu ya mbao zilizonyooka, tukaanza kutia maji ya birika. Debe la kwanza tu likazua ugomvi. Chini ya tangi palikuwa na unyevu. Miye nasema linavuja, yeye anasema nimemwaga mwenyewe, mama mdogo anasema kioo kinatoa jasho kama sisi. Tukafuta, pakaloa tena, maana mikono yetu sote ilikuwa imelowa. Ndipo nikakumbuka kijaluba changu cha liwa. Liwa kavu ina rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano kidogo. Ikiguswa na tone moja, hugeuka rangi ya udongo, na mwanamke yeyote anayejipaka usoni analijua hilo. Nikanawa, nikajikausha vizuri, nikainyunyiza kwa nje, chini ya maungio yote, mstari mwembamba.

Debe la pili, kimya. La tatu, kimya. La nne lilipofikisha maji nusu, pembe ya kushoto chini liwa ikageuka rangi ya udongo. Uzi mmoja tu, mwembamba. Kisha ukatambaa.

Mume wangu aliutazama mpaka ukafika urefu wa kidole. Akanyanyua mikono yake, akaigeuza juu na chini.

"Mikono ya karani," akasema. "Nilidhani nini?"

Akaingia ndani. Nikamsikia anafungua mkoba, anakunja shati.

Miye nikayachota yale maji kwa kata, haraka haraka, nayarudisha birikani. Nikachukua wembe, nikaibandua silikoni pale pembeni. Mahali pengine iling'ang'ania kioo hata wembe ukakwama. Pale ilitoka yenyewe, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Nikainamisha kioo kwenye jua. Vidole vinne vya mafuta vilikuwa vimelala ukingoni. Kimoja kilikuwa na mkato katikati, na miye nina kovu la kisu kwenye kidole cha shahada.

Nilikaa chini. Nasema kweli, nilifikiri kuvifuta. Upindo wa shiromani ulikuwa mkononi tayari. Miye ndiye niliyekuwa nikimwambia yeye kila siku kwamba mambo ya kazi hayajui, ya nyumba hayajui. Kukiri mbele ya mama mdogo ilikuwa kama kutembea kichwa wazi hadi msikitini. Lakini shati la pili nililisikia likikunjwa.

"Baba watoto, njoo."

"Nimeshaona."

"Hujaona. Njoo."

Akaja, shati mkononi. Nikamwonyesha. Hakuelewa.

"Mafuta ya nazi," nikasema. "Nilikuwa nasuka. Silikoni haishiki mafuta."

"Mafuta ya nani?"

"Yangu."

"Sema tena."

"Yangu! Vidole vyangu! Unataka nikakutangazie mnarani?"

Mama mdogo akashika kiuno, akacheka mpaka akakalia debe. Mume wangu mbele ya mkwewe huwa anaangalia chini, ndiyo adabu, lakini siku hiyo alimtazama usoni.

"Mama, umesikia? Si mikono yangu."

"Nimesikia, mkwe wangu. Na mtaa umesikia."

Nilimchukia mume wangu wakati ule, wallahi. Lakini lile shati alilitupa begani akakaa chini na wembe.

Silikoni mpya haishikani na ya zamani, kwa hiyo alibandua yote, pembe zote, hata zile nzima. Ulibaki mrija mmoja na nusu, wa mara moja tu. Akasafisha kingo kwa spiriti ya kuwashia jiko la primasi. Kisha akanivuta, akaniosha mikono kwa majivu na ndimu, kidole kimoja kimoja, kama mtoto. Nikamwambia namwita mwingine ashike. Akasema hapana, mama mdogo mikono inamtetemeka, na wewe sasa ndiye mwenye hofu kuliko wote, hutakosea tena.

Siku tatu nyingine. Mama mdogo akalalamika kwamba maji yake yote yako ndani ya kioo na yeye atatawadha kwa machozi. Tukajaza mpaka juu. Nikanyunyiza liwa, nikakaa mbele yake tangu asubuhi hadi alasiri, siku mbili. Mkojo ndio ulioniondoa hapo. Liwa ilibaki na rangi yake ya maziwa.

Tulipoyamwaga maji, mume wangu aliikwangua ile liwa akanitilia kiganjani. Nikaichanganya na maji, nikajipaka usoni, nikapanda teksi ya Itsandra hivyo hivyo, tangi tupu mapajani, abiria wenzetu wamebanwa mlangoni wanatulaani.

Mwenye nyumba ya wageni alilitandika mchanga, akalijaza maji ya bahari, akangoja, akanywa chai, akangoja tena. Kisha akapitisha kitambaa cheupe chini. Akakitazama, akakipitisha tena upande wa kushoto. Kikavu.

"Nani alilijaribu?" akauliza.

"Mke wangu," mume wangu akasema. "Kwa kuvujisha hana mwenzake."

Ningempiga palepale, lakini mwenye nyumba alikuwa tayari anamwonyesha ilipo mashine ya umeme. Akamkabidhi na funguo. Mume wangu akautoa ule wa ofisi ya barabara mfukoni, akatazama huku na huku, akautia ndani ya tangi, ukazama mchangani. Samaki walikuja kesho yake.