Ng'ombe Hana Imani

Ukitaka kuumwa vizuri hapa Mazingara, jitahidi uwe ng'ombe. Ng'ombe wa Mwinjilisti Kisemei wanachanjwa, wanaogeshwa dawa ya kupe, na mmoja akikohoa tu, Naisimoi anaitwa na bomba lake la sindano. Sisi waumini wake tukikohoa tunapakwa mafuta ya alizeti.

Naisimoi ni jirani yangu, mjane. Kuchoma sindano alifundishwa na marehemu mumewe, maana kwenye boma huwezi kukaa ukimsubiri daktari wa mifugo atoke Handeni mjini. Mwinjilisti mwenyewe, jitu lote lile, akiona sindano anageukia upande wa pili. Jumamosi anashika pembe, Naisimoi anachoma. Jumapili anapanda madhabahuni kutuambia kwamba dawa za hospitali ni mlango wa shetani. Siku moja nilimuuliza imekaaje hiyo. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu: "Ng'ombe hana imani, Janeth. Binadamu anayo." Haya bwana. Nikanyamaza nisije nikatolewa kwaya.

Sasa, Nasieku, binti pekee wa Naisimoi, ana kifafa. Vidonge vya hospitali kule Korogwe vilikuwa vimemtuliza kabisa, mtoto anacheza, anaimba, anagombana na wenzake. Mwinjilisti akaona hapo Mungu hapati sifa ya kutosha. Akamsimamisha mama yake mbele ya kanisa.

"Mama Nasieku, unamtumikia Mungu au kidonge?"

Kanisa zima likamkodolea macho. Ungejibu nini wewe? Akavitoa vidonge, vikaenda kutupwa chooni kwa vigelegele.

Wiki haikuisha, mtoto akaanguka kifafa, akaangukia motoni. Mkono wa kushoto uliungua mpaka kwenye kiwiko. Mwinjilisti alikuja kutoa pole, akala ubwabwa wetu, akasema imani ya mama ilikuwa na tundu. Nusura nimpige na mwiko! Naisimoi alimsikiliza tu, huku akimpepea mwanawe.

Kidonda hakijakauka, mtamba wa Mwinjilisti, yule wa kisasa anayemsifia kuliko mkewe, akashikwa na ndigana, ile homa ya kupe. Tezi zimevimba, pumzi inakwenda mbio. Mwinjilisti akaja mbio, anahema kuliko mgonjwa.

"Mama Nasieku, chukua bomba, haraka!"

Naisimoi akaenda. Nami nikafuata, umbea wangu mnaujua. Alipofika zizini aliweka bomba kando, akapiga magoti kwenye samadi, akafumba macho.

"Tumwombee, Mwinjilisti."

"Tutamwombea baadaye! Choma!"

"Tufunge kwanza, siku tatu."

"Siku tatu? Mama, atakufa huyu!"

Naisimoi akafumbua macho. "Na wangu je?"

Mtamba akakohoa. Naisimoi akasema, "Nasieku anaanza tena dawa. Na utatangaza wewe mwenyewe, kanisani, kwamba ni ruksa." Mwinjilisti akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Ya mtamba, msije mkadhani vingine. Ndipo sindano ikaingia.

Jumapili alipanda madhabahuni akiwa amefunuliwa. Bwana, alisema, amesema naye usiku kwamba dawa ikiombewa haina ubaya, kwa hiyo wagonjwa walete vidonge vyao mbele. Tazama jinsi mbingu zinavyofanya kazi! Naisimoi akapeleka pakiti ya Nasieku, ikawekewa mikono, ikakemewa mapepo yote ambayo haikuwa nayo, na yeye akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Mtoto alikuwa amekaa karibu yangu, na kidonge cha asubuhi alikuwa ameshakimeza kabla hatujatoka nyumbani.

Mtamba naye akatajwa kwenye ushuhuda, amepona kwa maombi. Tukapiga makofi. Kuhusu mkono wa Nasieku, ambao daktari kule Korogwe amesema hautanyooka tena, Bwana hakuwa amemfunulia Mwinjilisti neno lolote.