Maziwa ya Mjomba

Kwetu Newala neno la mjomba huzidi la baba, na mjomba wangu alikuwa ameshaamua: niache fiziolojia, nihamie uuguzi. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni Masasi.

"Nesi namjua, daktari namjua," alisema. "Huyo wa kusoma mwili unavyofanya kazi, kazi yake ipi?"

Nikamtajia: kufundisha, maabara, kupima pumzi za watu wanaoshinda kwenye vumbi. Akacheka. Nilikasirika, na sioni haya kulisema. Mwaka mzima nimejifunza njia ya hewa na njia ya chakula, halafu mtu anaufuta kwa kicheko kimoja!

Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, unga wa njano wa kuua ukungu. Alikuwa ametoka shambani, bomba mgongoni, kope za njano, anakohoa. Kama wapulizaji wote wa huku, alishika maziwa yake, eti yanasafisha kifua.

"Mjomba, maziwa yanakwenda tumboni. Salfa iko kwenye mapafu. Havikutani hivyo."

Mama akanikanyaga mguu. Mpwa hamkosoi mjomba. Lakini adabu haijawahi kumponya mtu kifua. Nikawasha kiberiti, kipimo cha pumzi tulichofundishwa darasani, nikakishika shibiri moja kutoka usoni pake.

"Fungua mdomo wazi, usibane midomo. Zima."

Akapuliza. Moto ukayumba, ukabaki. Nikamgeuzia mama, naye akauzima kwa pumzi moja.

"Kiberiti chako kina hila," mjomba alisema.

Nikawasha kingine. Na kingine. Mwishowe akanywa maziwa yote mbele yangu, makusudi kabisa. Moyo uliniuma, maana ndiye aliyenilea. Radhi sikuomba.

Jumatatu nilipanda basi la Masasi bila baraka yake. Ningefeli, ukoo mzima ungenicheka mpaka uzeeni, nami nililijua hilo. Mama alinifungia korosho za kukaanga.

Wiki ya tatu simu ikalia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akakohoa kwanza, kikohozi kirefu. "Huyo mtu wa kupima pumzi, huku kwetu yuko wapi?"

"Hospitali ya mkoa wapo, nenda kesho," nikamwambia. "Wa kwako bado yuko darasani. Ndiye yule uliyetaka kumtoa."