Mfupa Uliotangulia Kuvunjika

Bibi alivunjika nyonga uani kwetu Rabai, asubuhi, akitoka jikoni na kikombe cha chai. Mimi nilikuwa kwenye kibarua Barani, nikichanganya zege. Nilipofika nyumbani kesho yake, yeye alikuwa amepelekwa hospitali Kilifi, na mshukiwa alikuwa amekwisha patikana: mke wa mjomba, aliyekuwa naye peke yake.

Ua ni tambarare, haukuwa na jiwe wala utelezi. Mtu ataangukaje hapo? Mama zangu wadogo walisema ametegewa, yaani amekanyaga kitu kilichofukiwa kwa ajili yake. Walichimba mlangoni pa jikoni, wakatoa kizibo cha soda na jino la chanuo. Lile jino walilitazama kwa muda mrefu. Mganga angekuja Jumamosi, na mke wa mjomba asipokiri, arudishwe kwao.

Mimi vitego siviamini, lakini nilimshuku vilevile. Nilidhani amemsukuma. Amemuuguza miaka, mtu huchoka.

Kwa kuwa sina kazi ya kudumu, nilitumwa kukaa na bibi hospitalini. Shule niliiacha darasa la sita, kuuliza sikuacha. Nilimwomba daktari anionyeshe picha ya eksirei. Akaniwekea kidole penye shingo ya paja: ukuta wa mfupa ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Akasema kwa wazee mfupa huliwa taratibu bila maumivu, na mara nyingine huvunjika kwa kugeuka tu, ndipo mtu huanguka. Nikamuuliza amejuaje kipi kilitangulia. Akasema hajui, nimuulize mwenyewe.

Kwetu hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Bibi, ulisukumwa?"

"Na nani? Niligeuka nimwite anipokee kikombe, nikasikia ta kiunoni. Ndipo nikaenda chini. Mnamwonea mtoto wa watu."

Nilimpigia mjomba. Akataka kujua daktari ni mtu wa wapi, na kama mkewe hakuwahi kufika pale akamtisha mgonjwa. Nikaona maneno yangu hayatoshi, nikaweka simu sikioni mwa bibi. Alimwambia mwanawe kwamba mganga akitia mguu uani, yeye hatarudi nyumba ile. Jumamosi ikapita bila mganga.

Bibi alitiwa chuma, siku hizi anatembea kwa kushikilia fremu. Mke wa mjomba angali anamwogesha na kumpikia uji. Ila hamnyanyui kitandani mpaka apatikane wa kushuhudia, na asipokuwapo mtu, bibi hungoja, hata akiwa amebanwa na mkojo. Mara ya mwisho nilipopita, mke wa mjomba aliniita mimi.

"Njoo, baba. Simama hapo mlangoni unitazame."

Nikamwambia mimi simshuku tena.

"Nimesikia," akasema. "Simama tu."

Nikasimama, akamnyanyua.