Mnazi wa Abdalah

Kila asubuhi, kabla kina mama hawajapanga foleni, Mwamini alikuwa akiegemeza ngazi kwenye ukuta wa zahanati, anapanda na kitambaa chake, anaifuta paneli ya sola. Vumbi, kinyesi cha kunguru, chumvi ya upepo wa bahari pale kijijini Maparoni, vyote anaviondoa. Maji yaliyobaki ndooni hakuyamwaga ovyo. Aliyapeleka kwenye mnazi uliokuwa hatua chache upande wa kibla, akayamimina shinani taratibu.

Mnazi ule ulikuwa wa Abdalah, mwanawe. Alipozaliwa, mwaka wa themanini na nne, kitovu chake kilizikwa pale na mche ukapandwa juu yake, kama ilivyo desturi. Mwaka uliofuata, Abdalah alipofikia umri wa kuchanjwa, mafuta ya taa yaliadimika, friji ya zahanati iliyotumia mafuta hayo ikazimika, chanjo zikaharibika. Surua ilipopita ilimkuta hana kinga. Alikuwa na miaka minne. Ukabaki mnazi.

Basi sola ilipoletwa, wakati maduka ya Kibiti yanaanza kujaa redio na mitumba, Mwamini, mfagiaji wa zahanati, ndiye aliyeomba kuitunza.

"Jua ligandishe barafu?" alishangaa siku ile. "Makubwa haya!"

Ikagandisha kweli, miaka mitatu. Kisha, kipupwe cha tisini na nne, taa ndogo ya friji ikawaka nyekundu.

"We Mwamini, jua lako limeshikwa na homa?" jirani yake Salima alimtania, mtoto mgongoni.

Mwamini alicheka kidogo, lakini sababu aliijua. Kipupwe jua huegemea upande wa kibla, na mnazi sasa ulikuwa umerefuka hadi kuitia paneli kivuli. Kwa siri alikuwa amemwomba mkwezi apunguze makuti, kwanza matatu, halafu matano. Yakachipua mengine.

Fundi Husseini akaja kwa boti kutoka Utete.

"Mnazi huu wa nani, mama?"

"Wa mwanangu."

"Mwite basi tuzungumze naye."

 Salima akamnong'oneza fundi sikioni, naye akavua kofia.

"Lakini kivuli kinagusa pembe moja tu," Mwamini alisema hatimaye.

"Hiyo moja inatosha, mama. Vipande vya paneli ni kama watu wanaopokezana ndoo kisimani. Mmoja akisinzia, ndoo haifiki."

"Si muihamishe?"

"Paa la upande wa pili limelipa jua kisogo. Mkiuacha mnazi, wakubwa watasema friji iende zahanati ya Dimani."

Nyumbani, mumewe Sadallah alimwambia polepole, "Mama Abdalah, kaburi lake si lipo?"

"Kaburi halikui, Baba Abdalah. Mnazi unakua. Nikiutazama najua angekuwa na kimo gani."

Sadallah akainamisha kichwa. "Mimi siugusi mpaka useme wewe."

Kesho yake chanjo zote zilimwagwa. Salima, ambaye mtoto wake alikuwa ametimiza miezi tisa ya sindano ya surua, alisimama mlangoni. Safari hii hakutania.

"Nirudi lini, Mwamini?"

"Rudi Jumatatu."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Akaenda nyumbani, akatoa shoka uvunguni, akamwekea Sadallah mikononi.

Mnazi ulianguka alasiri. Watu waligawana moyo wake mweupe na mtamu, kama kawaida mnazi ukiangushwa. Mwamini naye akapewa kipande. Alikishika tu, mpaka kikaanza kubadilika rangi.

Jumatatu taa ilikuwa ya kijani, na chanjo mpya zilishafika kwa boti. Mtoto wa Salima alipiga kelele sindano ilipoingia, kina mama wakacheka. Mwamini aliwasikia akiwa nje. Alikuwa amekwisha kuifuta paneli, ameshuka ngazi, ameshika ndoo. Miguu ikampeleka ilikozoea. Akainama, akayamimina maji kwenye kisiki, taratibu, mpaka tone la mwisho.