Kiungo cha Raba

Mvua kubwa ilipopasua sakafu ya kinu cha posho cha Milcah huko Subukia, upande wa mota ulididimia. Shafti ya mota, ule mhimili wa chuma unaozunguka, na ile ya kinu hazikutazamana sawa tena, na kinu kikawa kinatetemeka mpaka mabati ya paa yanalia. Milcah, aliyekiendesha peke yake tangu afiwe na mumewe, aliona dawa ni kukaza. Akaagiza kiungo kinachounganisha shafti hizo kichomelewe kabisa, kisicheze hata kidogo. Siku hiyohiyo beringi inayoshikilia shafti ya kinu ikavunjika.

Akamwita Gathogo, fundi wa mitambo kutoka Nakuru. Gathogo alibadilisha beringi, akainua mota kidogo, akafunga kiungo kipya chenye raba katikati.

Milcah akakitikisa. "Boss, mbona hii inacheza?"

"Wacha icheze, mathe. Shafti zako bado hazijanyooka. Raba ndiyo inabeba hiyo tofauti."

"Sasa kitu kimelegea hivi kitasukumaje mahindi magumu?"

Gathogo akawasha, akamimina mahindi. Kinu kikazunguka bila kutetemeka, unga ukashuka laini. Milcah akazima, akawasha tena, akainama kuitazama ile raba. Wateja waliokuwa wakingoja na mahindi yao walimhimiza asage. Akasaga hadi jioni, akifurahi, bila kuelewa hata kidogo jinsi kitu kilicholegea kilivyokituliza kinu.